Usimkate Kijana Mshahara, Pima Kwanza Udongo

Mazungumzo na watunza bustani wanaoanza kazi, Arusha

Shikamooni wazee wangu mliokaa kule nyuma. Vijana, habari za asubuhi. Nimeambiwa nina muda mpaka chai, na chai ya hapa naijua, haisubiri mtu, kwa hiyo tuanze.

Naomba hiki kitu kipite mkono kwa mkono. Dada wa mbele, kishike, kigeuze, kichungulie, halafu mpe jirani yako. Wengine mtadhani ni kifuniko cha chupa kilichokanyagwa na lori. Ni kichwa cha springla, kile kinachonyunyizia nyasi maji, au kilikuwa. Tazameni ukingo wake wa juu ulivyomegeka, utadhani embe lililoumwa na popo. Shina limekatwa mshazari, springi imetokeza nje, na mle ndani kuna mchanga na majani. Nilikitoa wiki iliyopita kwenye bustani moja hapa mjini. Kilipigwa na mashine ya kukata nyasi, na kijana aliyekuwa anaisukuma akaambiwa atakatwa mshahara.

Nimekuja kumtetea kijana huyo. Mambo mengine nitakayoyasema ni ushahidi tu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mwili wake unafukiwa ardhini, mnakiona kifuniko peke yake. Ndani kuna shina, limezungushiwa springi, chini yake chujio dogo, na juu kabisa ule mdomo unaonyunyiza, mafundi wanauita nozeli. Maji yakifunguliwa, nguvu yake inalisukuma shina linatoka, kwa kawaida sentimita 10, linanyunyiza. Maji yakifungwa, springi inalivuta shina linarudi shimoni. Pale shingoni kuna mpira mwembamba unaolifuta shina kila linapopanda na kushuka. Huo mpira mkumbukeni, nitaurudia.

Sasa jiulizeni, kwa nini watu walihangaika kutengeneza kitu kinachochomoza na kuzama? Mbona zile springla za mashambani, zile za kugonga, tak-tak-tak, zimesimama juu ya bomba mchana kutwa na kazi zinafanya? Ni kwa sababu shambani hapapiti mashine ya nyasi kila wiki. Mashine hiyo ni ya zamani kuliko mnavyofikiri. Mwingereza Edwin Budding, wa Stroud, ndiye aliyeipatia hataza mwaka 1830, na wazo alilitoa kwenye mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Kwao mvua inanyesha tu, nyasi hazikuhitaji bomba. Springla za kugonga zilikuja baadaye, Orton Englehart alizibuni Marekani, huko California, mwaka 1933. Watu wa nchi kavu walipotaka na wao nyasi za Kiingereza, ndipo maji na kisu vikalazimika kuishi kwenye kiwanja kimoja. Hiki kichwa mnachokipitisha kilitengenezwa ili kijifiche. Kikiwa mahali pake, kisu hakikigusi kamwe. Ukiona kimepigwa, ujue kuna kitu kilikizuia kujificha.

Na kisu hakina huruma. Cha mashine ya kawaida ya kusukuma kina sentimita 53 hivi, ncha hadi ncha. Injini ikikizungusha mara 3,000 kwa dakika, pigeni hesabu wenyewe kwenye simu, ile ncha inakwenda kilomita 300 kwa saa. Plastiki inakatika kabla mkono wako haujahisi kitu. Unasikia "tap!" tu, kisha kipande kinakupiga kwenye muundi. Ndiyo maana nasema vaeni buti na suruali ndefu. Kandambili mwachieni mpishi.

Mimi nilianza kazi hii kwenye hoteli moja, sitaitaja. Wiki yangu ya pili nilivunja vichwa vitatu. Msimamizi hakuuliza kitu, alikata pesa. Unajua mtu aliyekatwa mshahara anafanya nini? Anaogopa. Nikawa kila nikikaribia springla naikwepa, naacha mduara wa nyasi ndefu kuizunguka. Kwa mbali bustani ilionekana ina mavimbe, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka yake. Baada ya wiki tatu ile miduara ikawa vichaka, vichwa vikapotelea humo ndani, maji yakawa yanagonga majani na kurudi chini. Nikaambiwa nikafyeke. Nikafyeka, nikavunja vingine viwili.

Aliyeniokoa ni fundi bomba mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Alikuja kutengeneza, akanikuta nimenuna. Akasema, "Lete ubao." Nikaleta ubao ulionyooka, wa mita moja hivi. Akachambua nyasi kwa vidole mpaka udongo ukaonekana pande mbili za kichwa, akaulaza ubao juu yake. Ubao ukawa unacheza, huku chini, huku juu, kama watoto wakipanda bembea. "Unaona? Udongo uko hapa, kichwa kiko hapa." Akanionyesha kidole gumba, kuanzia ncha mpaka kiungo. "Hapa katikati ndipo kisu kinapopita. Ungesukuma wewe, angesukuma malaika, kingekatwa tu."

Kipimo hicho nakitumia mpaka leo, na ndicho ninachotaka mwondoke nacho. Laza ubao juu ya kifuniko, ncha zote zikae kwenye udongo. Nimesema udongo, siyo majani. Ukicheza, kichwa kiko juu mno. Ukitulia lakini kidole kinapita kati ya ubao na kifuniko, kimezama. Ukitulia na kifuniko kikaugusa ubao pande zote bila mwanga kupita upande mmoja, hicho kimekaa. Kikiwa kimeinama upande, nacho kina kesi, maana ule ukingo ulioinuka ndio utakaoliwa.

Sasa mtaniuliza, fundi alipokiweka hakukipima? Mara nyingi alikipima. Ila udongo hautulii. Bustani mpya imejazwa udongo wa kuletwa na lori, umesawazishwa kwa reki, ni mwepesi kama unga. Masika ya kwanza ikipita, udongo umeshuka na bomba limebaki palepale. Vichwa vinabaki vimechomoza kama uyoga. Kwa hiyo ukikabidhiwa bustani mpya, masika ya kwanza ikiisha, kabla hujagusa mashine, chukua ubao uzunguke. Siku moja ya kazi inatosha kwa bustani ya kawaida.

Halafu bustani nzee inafanya kinyume chake, na hapa lazima tuyazungumze majani ya kikuyu. Haya ni ya kwetu hasa, ni majani ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na dunia nzima imeyapa jina la Wakikuyu. Watu waliyachukua wakayapeleka Afrika Kusini, Australia, mpaka California, na sasa kuna sehemu huko wanayalaani kama magugu. Nawaelewa. Yanatambaa juu ya udongo na chini ya udongo kwa pamoja, na mabua yake makavu hayaozi haraka. Mwaka hadi mwaka yanajitandika. Ukitembea juu yake unahisi godoro. Godoro likipanda, kichwa kinabaki chini shimoni, na mabua yanayotambaa yanakiziba kama vidole. Ukoka nao hujitandika, ila si kwa kasi hii.

Mtu atasema, basi si vizuri, kimezama hakitapigwa? Subirini. Kikizama, shina likitoka halivuki urefu wa majani, maji yanaishia hapohapo. Pembeni panakuwa pakavu. Bwana shamba wa hoteli anatuma kijana na panga akakichimbue. Kijana anakata shimo la mviringo kama sahani ya ugali. Wiki ijayo gurudumu la mashine linatumbukia mle, mashine inainama, kisu kinashuka sentimita tatu au nne upande mmoja, na kichwa kilichokuwa kimejificha vizuri kinakatwa. Kwa hiyo kuzama nako ni kuvunjika, ila kwa mzunguko. Dawa yake ni kukinyanyua kichwa chenyewe mpaka kilingane, na kulipunguza godoro kwa reki ya meno makali kila mwaka. Na kama mwenye bustani anapenda nyasi ndefu, asikwambie uinue vichwa ili maji yapite juu. Mwambie anunue vyenye shina la sentimita 15. Vinatoka juu zaidi vikifanya kazi, vikilala vinalala sawasawa na vingine. Hili naligombania kila mwaka na kila mwaka nakuta mtu ameinua vichwa.

Ndiyo, dada. Sauti kidogo... Anauliza, kama kimekaa sawa kwa ubao na bado kimekatwa?

Swali zuri mwanangu, maana hilo ndilo la yule kijana niliyekuja kumtetea. Kichwa chake kilikaa sawa kabisa, nilikipima mwenyewe. Kilikuwa kimekwama juu. Mnaukumbuka ule mpira wa shingoni? Maji ya hapa kwetu, hasa ya kisima na ya mfereji, yana mchanga mwembamba. Chembe moja ikiingia kati ya mpira na shina, springi haina nguvu ya kulivuta. Maji yamefungwa alfajiri, mashina yote yamerudi, moja limebaki limesimama peke yake kwenye umande kama mlinzi. Saa mbili kijana anakuja na mashine, jua la asubuhi linampiga usoni, nyasi zimesimama. Atalionaje?

Usilikanyage lirudi. Najua mnafanya, na mimi nilifanya. Unakuwa umeusaga ule mchanga ndani ya mpira, kesho litakwama zaidi. Fungua maji, lishike shina kwa vidole, livute juu kabisa, liachie, livute tena, maji yasafishe shingo. Likiendelea kukwama, fungua kifuniko uoshe mpira, au ubadilishe. Na kama vichwa vingi vinakwama kwa pamoja, acha kuvitibu kimoja kimoja, kaangalie chujio kule kwenye pampu. Pia kaangalie valvu: isipofunga sawasawa, maji yanaendelea kuchuruzika na mashina yanabaki nusu juu nusu chini.

Ndiyo maana kabla ya kukata nyasi kuna matembezi. Jioni ya siku iliyotangulia, fungua kila eneo, yaani vichwa vinavyofunguliwa pamoja, kwa dakika moja tu, uone mashina yapi yanatoka na yapi hayatoki. Funga. Sasa ndipo utembee, tena polepole, uone kama yote yamerudi. Kinachokusumbua kichomekee kijiti chenye kitambaa chekundu. Asubuhi udongo umekauka, unaingia na mashine. Usikate muda mfupi baada ya kumwagilia. Udongo uliolowa unalizamisha gurudumu, na gurudumu likizama kando ya kichwa linakisukuma kinainama. Mahali pa mteremko, kile kichwa cha chini kabisa kinatoa maji yaliyobaki bombani hata baada ya kufunga, kwa hiyo hapo panakuwa matope kila siku. Kuna vichwa vyenye kizuizi ndani kinachoyashika hayo maji; hapo viwekwe hivyo.

Kuhusu kuiendesha mashine sina mengi, kwa kuwa mmeshafundishwa. Msikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Mkikaa mwezi bila kukata halafu mkataka kushusha mpaka chini siku moja, mtakutana na vitu. Ile mashine ya kukalia msiigeuzie juu ya kichwa, gurudumu likijizungusha hapo linakisokota, hata kama kisu hakikukigusa. Mkigeuza, geuzieni mahali pasipo na springla.

Na ile mashine ya uzi wa nailoni, hiyo ndiyo mwizi wa kimyakimya. Haivunji, inatafuna. Kila wiki inapita ukingoni mwa njia, inalamba kifuniko kidogo, mwisho kifuniko hakifungi tena. Vichwa vya ukingoni viwekwe mbali kidogo na zege, upana wa kiganja hivi, na majani yanayokizunguka yakatwe kwa mkasi au yang'olewe kwa mkono.

Wengine mnapenda pete za zege. Zipo za kununua, na unaweza kujifinyangia kwenye beseni dogo, katikati umesimamisha kopo: saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Inakaa kuzunguka kichwa, uzi hauli, gurudumu linapita juu ya pete. Mimi naziweka ukingoni na kwenye kona tu. Katikati ya kiwanja sizipendi. Udongo ukishuka upande mmoja, pete inainuka upande wa pili, na sasa badala ya plastiki umemwekea kijana jiwe. Kisu kikipiga plastiki unapoteza kichwa, kikipiga zege unaweza kupinda shafti ya injini. Ukiweka pete, ipime nayo kwa ubao.

Kuna jambo moja la fundi bomba, na mnisikilize kwa makini kwa sababu nyinyi ndio mtakaomsimamia. Ukimwachia, atapanda kutoka kwenye bomba la chini kwa kipande kigumu kilichosimama wima mpaka kwenye kichwa. Ni rahisi na ni haraka. Siku kichwa kitakapopigwa au kukanyagwa na gari, pigo linateremka na kile kipande mpaka chini na kupasua tii ya bomba, kile kiungo chenye umbo la T. Kichwa kingebadilishwa kwa dakika kumi, sasa unachimba nusu siku. Mwambie aunge kwa elbo tatu, vile viungo vya kona, zinazozunguka, au kwa kipande cha bomba laini. Kichwa kikipigwa kinayumba, kinashuka, bomba halijui kilichotokea. Na faida ya pili ni hii: udongo ukishuka au ukipanda, unakiinua au kukishusha kichwa kwa mkono bila kukata kitu. Fundi akikuambia ni gharama, mwambie atie sahihi kwamba yeye ndiye atakayechimba.

Wahenga wetu walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Huku kwetu mafahali ni fundi bomba na mkata nyasi. Hawajawahi kukaa meza moja. Fundi anaweka mabomba, analipwa, anaondoka na ramani yake kichwani. Mkata nyasi anakuja baadaye, haonyeshwi hata kichwa kimoja kilipo. Ukianza kazi mahali, siku ya kwanza omba maji yafunguliwe, chukua karatasi, chora. Nyumba hapa, mti hapa, vichwa hapa na hapa, hesabu yake kamili. Kama eneo lina vichwa tisa na leo unaona vinane vinafanya kazi, unajua kuna kimoja cha kutafuta kabla kisu hakijakitafuta.

Kimekatwa tayari? Usikifiche. Najua watu wanaokirudishia udongo juu. Nozeli ya kawaida ya duara kamili, inayorusha kama mita nne na nusu, inatumia lita 14 hivi kwa dakika. Hiyo ni ikiwa na nozeli. Ikikatwa, maji yanasimama kama nguzo, na vichwa vingine vya eneo lile vinabaki vinatema mate, maana nguvu yote imetokea kwenye lile tundu. Siku chache, pale pamekuwa dimbwi na mita 10 mbele nyasi zimekuwa kahawia. Hakuna siri.

Mara nyingi wala huna haja ya kuchimba. Kama mwili uliofukiwa ni mzima, funga maji, kwa mkono fungua kifuniko kilichokatwa, kinyume cha saa, vuta matumbo yote, shina, springi na chujio. Chukua kichwa kipya cha aina ileile, kitoe matumbo yake, uyatumbukize kwenye mwili wa zamani. Kabla ya kufunga nozeli, fungua maji kidogo yatoke meusi, yatoke ya kahawia, mpaka yawe meupe. Ukiruka hatua hii, ule udongo ulioingia utaenda kuziba nozeli ya jirani. Kisha okota vipande vya plastiki vyote, hesabu. Na kama unageuza mashine kuangalia kisu, zima injini na uchomoe waya wa plagi. Vidole haviuzwi dukani.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Nilimwambia mwenye bustani twende na ubao. Ana vichwa 22. Tisa vilikuwa juu ya udongo, vinne vimezama, viwili vimeinama, na kile kimoja kilikwama kwa mchanga. Vilivyokaa sawa ni sita. Nikamuuliza, kati ya hivi kumi na sita, kijana wako aliviweka vingapi? Alicheka, lakini hajanijibu kuhusu mshahara, na Ijumaa narudi kumuuliza tena.

Naona sufuria ya chai inapita pale dirishani. Itangoja kidogo. Kule nje nimeomba bomba lifunguliwe, na nimeweka mbao kumi na mbili ukutani. Gawaneni wawili wawili, kila wawili wachukue ubao mmoja na vichwa vitatu. Wazee, nyinyi kaeni kivulini mtusimamie. Dada, hicho kilichovunjika njoo nacho.